Metali Dhidi ya Bakteria: Safari Ndefu Kutoka Sahani ya Maabara Hadi Mwilini

Fungua mfuko wa dawa kutoka zahanati yoyote hapa Nairobi, iwe ya Kayole au ya Kilimani. Utakuta amoksilini, siprofloksasini, azithromaisini, metronidazoli. Ukizichora molekuli zake kwenye karatasi, elementi zake ni zilezile: kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, na hapa na pale salfa au florini. Jedwali zima lina elementi 118, na nyingi kati yake ni metali, lakini vita vyetu dhidi ya bakteria tumevipigana tukiwa tumejibanza kwenye kona moja ndogo ya jedwali hilo. Mimi ni mwalimu wa kemia, na naamini kona hiyo haitutoshi tena.

Kwamba haitutoshi si siri. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kutokana na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi cha vifo hivyo. Mtaani hatuhitaji jarida kutuambia. Shangazi yangu wa mtaa wa Umoja alipopimwa mkojo mwaka jana, karatasi ya maabara ilikuja na jina la bakteria, E. coli, juu, na chini yake safu ya dawa, kila moja imewekewa herufi. S ni dawa ambayo bado inafanya kazi, R ni ile ambayo bakteria ameshaishinda. R zilikuwa nyingi.

"Mwanangu, hizi R ndizo nikanunue?" akaniuliza.

"Hapana shangazi. Hizo ndizo zisizokusaidia tena."

Alipona kwa sindano za hospitalini, tunashukuru Mungu. Lakini ile safu ya R imenikaa akilini, kwa sababu kila dawa iliyokuwa kwenye orodha ile ilikuwa ya kaboni, na maabara niliyosomea uzamili ilikuwa na makabati yaliyojaa chumvi za shaba, zinki, kobalti na nikeli.

Kampaundi za koodinesheni ninazotaka kuzieleza hapa hujengwa hivi: katikati kuna ioni ya metali, yaani atomi yenye chaji ya umeme, na pembeni yake kuna molekuli au ioni nyingine zinazoitwa ligandi, kila moja ikiipa metali jozi ya elektroni. Ligandi huketi kuizunguka metali kama watu walioketi kuzunguka sinia la pilau, na idadi yao na nafasi ya kila mmoja vina utaratibu. Aliyetufumbulia utaratibu huo ni Alfred Werner, huko Zurich, mwaka 1893, akiwa kijana wa miaka 26. Kulikuwa na kampaundi za kobalti na amonia zilizowatatiza wanakemia: viambato vilevile, lakini moja ya njano, nyingine ya zambarau, nyingine ya kijani. Werner alisema tofauti iko kwenye ni nani aliyeshikamana na kobalti moja kwa moja, na amekaa upande gani. Mwaka 1913 akapewa Tuzo ya Nobel. Hadi leo, nikiwafundisha watoto wa kidato cha tatu ioni changamani, naona nyuso zao zikibadilika pale myeyusho wa shaba, uliokuwa samawati hafifu, unapogeuka buluu nzito baada ya kuongezewa amonia. Hapo ligandi zimebadilishana nafasi mbele ya macho yao.

Wala si kitu cha ajabu kwa mwili. Chuma ndani ya himoglobini kimeshikwa kwa mtindo huohuo. Vitamini B12 ina kobalti katikati. Ukijani wa sukuma wiki una magnesi.

Kwa nini basi kampaundi hizi zitufae dhidi ya bakteria? Kwanza ni umbo. Kaboni hushika viungo vinne, basi. Metali inaweza kushika ligandi nne katika mraba bapa, au sita zikielekea pande zote, na hapo tunapata maumbo ambayo kaboni peke yake haiwezi kuyajenga, na ambayo vimeng'enya vya bakteria havijawahi kukutana nayo katika dawa zetu. Pili ni tabia. Metali hutoa elektroni na kuzipokea, huachilia ligandi moja na kunasa nyingine, na zipo zinazopenda mno salfa iliyo ndani ya protini. Fedha na dhahabu zikiingia kwenye seli ya bakteria huvamia protini hizo na kuzizima. Shaba huchochea kemikali kali za oksijeni zinazochoma utando na DNA. Kampaundi moja inaweza kupiga sehemu tatu kwa wakati mmoja, na bakteria anayeshambuliwa pande tatu hupata shida kubwa kuliko yule anayeshambuliwa mlango mmoja tu. Tatu, ligandi humfunika ioni. Ioni tupu yenye chaji haipiti kwa urahisi kwenye utando wa mafuta, lakini ikizungukwa na ligandi zenye mafuta, chaji yake inatawanyika na inapenya vizuri zaidi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wazee wa pwani walisaga mrututu, zile fuwele za buluu za salfeti ya shaba, wakaupaka kwenye vidonda vilivyokataa kupona. Wakulima wa kahawa wa Kiambu na Nyeri wamenyunyizia mibuni yao dawa za shaba vizazi na vizazi. Katika miaka ya 1880 daktari Carl Credé wa Leipzig alianza kuwatia watoto wachanga tone la naitreti ya fedha machoni ili wasipofushwe na kisonono cha mama. Kisha Paul Ehrlich na Sahachiro Hata wakaleta Salvarsan, dawa ya aseniki dhidi ya kaswende, iliyoanza kuuzwa mwaka 1910. Aseniki si metali kamili, lakini ilikuwa dawa ya kwanza ya kisasa kutengenezwa kwa makusudi ya kumwinda kijidudu mmoja.

Katika historia hiyo yote, ninayemrudia mara kwa mara ni Robert Koch. Mwaka 1890 alitangaza kwamba sianidi ya dhahabu, hata kwa kiasi kidogo sana, inazuia bakteria wa kifua kikuu kukua maabara. Alipojaribu kwa wanyama wagonjwa, hakupata kitu. Miaka zaidi ya 130 imepita, na pengo hilo kati ya chombo cha kioo na mwili bado ndilo tatizo kubwa la taaluma hii.

Penisilini ilipokuja, metali ziliwekwa kando. Francis Dwyer wa Australia alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba kampaundi za rutheni zilizozungukwa na ligandi kubwa bapa zinazuia bakteria, lakini ilikuwa enzi ambayo kila mwaka ulileta antibiotiki mpya kutoka kwenye udongo, na wachache walimsikiliza.

Kisha kukatokea jambo ambalo wanafunzi wangu hupenda niwasimulie tena na tena. Barnett Rosenberg, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, alitaka kujua kama umeme unaathiri mgawanyiko wa seli. Pamoja na Loretta Van Camp alipitisha mkondo kwenye myeyusho wenye E. coli, akitumia elektrodi za platini kwa sababu platini inajulikana kuwa haibadiliki. Bakteria waliacha kugawanyika. Waliendelea kurefuka, wengine hadi mara 300 ya urefu wao wa kawaida, kama nyuzi. Umeme haukuwa na hatia. Platini kidogo ilikuwa imeyeyuka kutoka kwenye elektrodi na kuungana na amonia na kloridi zilizokuwa ndani ya myeyusho. Walichapisha mwaka 1965. Kampaundi zenye chaji ziliwaua bakteria, zisizo na chaji ziliwarefusha. Na mkao ulikuwa na maana: amonia mbili zikiwa upande mmoja, kampaundi inafanya kazi, zikielekeana, nguvu inapotea. Metali ileile, ligandi zilezile.

Rosenberg akajiuliza kama kitu kinachozuia seli kugawanyika kinaweza kuzuia saratani. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, na ambayo leo hii wagonjwa wengi wa saratani ya mlango wa kizazi hupewa sambamba na mionzi. Nafurahi kwa kila maisha iliyookoa. Lakini huwa nasikitika pia kwamba dunia ilimfuata Rosenberg kwenye saratani, na bakteria aliyefungua mlango akaachwa nyuma. Platini ilithibitisha kwamba metali nzito inaweza kuwekwa kwenye mshipa wa binadamu, kwa kipimo na uangalizi, ikamsaidia. Hoja ya kwamba metali ni sumu tu ilipaswa kuishia hapo.

Nilifanyia uzamili wangu Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ng'ambo kidogo ya mto. Kazi yenyewe inajulikana na kila mwanakemia wa Nairobi aliyepitia njia hii. Unachukua salisaldehaidi, yenye harufu ya lozi chungu, unaichanganya na amini (kampaundi yenye naitrojeni) ndani ya ethanoli na kuichemsha taratibu, mvuke ukipozwa na kurudi ndani. Zinatokea fuwele za manjano. Hiyo ni besi ya Schiff, inayoitwa kwa jina la Hugo Schiff aliyeieleza mwaka 1864, na ni ligandi nzuri: rahisi, bei nafuu, unaweza kuibadilisha kwa namna nyingi. Ukimimina asetati ya shaba, manjano inageuka kijani iliyokolea. Unachuja, unaosha, unakausha, kisha unathibitisha kwa mashine kwamba naitrojeni na oksijeni kweli zimeishika shaba.

Baada ya hapo unakwenda kwa watu wa maikrobiolojia. Wanapaka S. aureus, bakteria wa majipu na vidonda, kwenye sahani moja ya agari (rojo la kuoteshea bakteria) na E. coli kwenye nyingine, wanaweka diski ndogo za karatasi zilizolowekwa dawa yako, na sahani zinalala kwenye joto la nyuzi 37. Asubuhi, pale dawa ilipofanya kazi, kuna duara safi lisilo na bakteria. Unachukua rula unapima milimita. Ni furaha ya kweli, na sitaki kuidharau.

Msimamizi wangu aliitazama sahani, akanitazama mimi. "Chumvi ya shaba peke yake imewekwa wapi?"

"Hii hapa, Prof. Na ligandi peke yake ile. Na kiyeyushi bila kitu."

"Vizuri. Sasa nieleze duara hili linasema nini."

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Duara linasema kwamba kitu kimesambaa kwenye agari na kuzuia bakteria kukua. Basi. Molekuli kubwa isiyopenda maji husambaa polepole, kwa hiyo inaweza kuwa na nguvu sana na bado ikatoa duara dogo. Chumvi ya shaba husambaa upesi na kutoa duara kubwa, ilhali haina thamani yoyote kama kidonge. Kiyeyushi cha DMSO tunachokitumia kila siku kinaweza kuisukuma ligandi na kukaa mahali pake, kwa hiyo kilichofika kwenye diski si lazima kiwe kile ulichokikausha. Na dawa ikiingia kwenye damu, itakutana na albumini, protini inayoishika shaba kwa nguvu na inaweza kuipokonya kabla bakteria hajaiona.

Nimesoma makala nyingi za besi ya Schiff, kutoka hapa kwetu, India, Nigeria, Misri. Nyingi zimeandikwa na watu hodari waliofanya kazi kwa vifaa vichache. Nyingi pia huishia kwenye duara. Jedwali la milimita, sentensi kwamba kampaundi ya metali inaishinda ligandi, na mwisho. Hatuambiwi kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria, hatuambiwi kama kampaundi inadumu saa moja ndani ya maji, wala hatuambiwi inazifanyia nini seli za binadamu. Naiona hiyo kama hasara kubwa, kwa sababu kuna kampaundi ndani ya makala hizo zinazostahili kufuatiliwa, na hakuna anayeweza kuzitofautisha na zile zisizostahili.

Ushahidi kwamba zinastahili upo. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia kilianzisha mradi wa CO-ADD, wa kuwapimia wanakemia wa vyuo kote duniani kampaundi zao dhidi ya vijidudu hatari, bila malipo. Mwaka 2020 walichapisha matokeo ya kampaundi 906 zenye metali. Asilimia 9.9 zilizuia vijidudu, zikilinganishwa na asilimia 0.87 ya molekuli za kaboni pekee zilizopimwa kwa njia ileile. Kampaundi 88 zilifanya kazi dhidi ya angalau kijidudu kimoja bila kudhuru seli za mamalia wala kupasua chembe za damu katika vipimo vyao. Mtu anayesema metali huua bakteria kwa sababu tu huua kila kitu, namwomba atazame namba hizo.

Zipo ambazo tayari zimevuka kutoka sahani hadi mwilini. Krimu ya salfadiazini ya fedha imetumika kwa waliochomeka moto tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ingawa sasa kuna vifuniko vya jeraha vinavyosaidia kidonda kupona vizuri zaidi. Bismuthi ndiyo iliyo karibu nasi zaidi. Nairobi kila mtu anamjua mtu mwenye H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo. Barry Marshall na Robin Warren walipomtenga bakteria huyo Australia mwaka 1982, ugunduzi uliowapa Nobel mwaka 2005, bismuthi ilikuwa tayari ikitumika kwa maumivu ya tumbo, na leo ni nguzo ya matibabu ya dawa nne pale antibiotiki za kawaida zinaposhindwa. Mgonjwa akiona choo kimekuwa cheusi asiogope: ni bismuthi iliyoungana na salfa. Auranofini, dawa ya dhahabu iliyoidhinishwa mwaka 1985 kwa baridi yabisi, imeonyesha maabara kwamba inamuua S. aureus sugu kwa kuzima kimeng'enya kinachomlinda bakteria dhidi ya oksijeni kali. Kwa E. coli na jamaa zake inagonga ukuta: wana utando wa pili wa nje, na ndani wana glutathioni, molekuli ndogo yenye salfa, ya kutosha kuinasa dhahabu.

Dawa ninayoipenda kuliko zote inafanya kinyume. Haileti metali, inaifuata. Bakteria hawezi kuishi bila chuma, na mwili wetu unakificha chuma hicho kwa makusudi. Kwa hiyo bakteria hutuma nje molekuli ndogo zinazokinasa chuma, kisha hukivuta ndani kupitia milango maalumu. Sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, ni antibiotiki iliyopachikwa kipande kinachokinasa chuma vilevile. Bakteria anaivuta mwenyewe ndani akidhani ni chakula, na ule utando wa nje uliowazuia wengine unakuwa si kitu. Ni kemia ya koodinesheni ya Werner, imetumiwa kwa akili nyingi mno.

Kemia hiyohiyo huharibu dawa zetu jikoni. Siprofloksasini na tetrasaikilini zina atomi za oksijeni zilizokaa vizuri kushika kalsiamu, magnesi, alumini na chuma. Ukimeza siprofloksasini kwa kikombe cha chai ya maziwa, au pamoja na dawa ya kiungulia au vidonge vya kuongeza damu, metali zinaishika tumboni na sehemu ya dawa haifiki kwenye damu. Bakteria anapata dozi pungufu, na dozi pungufu ndiyo shule yake ya usugu. Ukiwa kwenye kemisti muulize mhudumu, na ukiwa wewe ndiwe mhudumu mwambie mteja kabla hajauliza: imezwe kwa maji, saa mbili kabla ya vitu hivyo au saa sita baada yake. Mama mmoja jirani yangu alinishukuru kwa neno hilo kuliko alivyowahi kunishukuru kwa kumfundisha mwanawe.

Bakteria nao hujifunza metali. Mwaka 1975 madaktari wa Boston waliripoti Salmonella sugu kwa fedha katika wodi ya waliochomeka. Jeni za kustahimili metali mara nyingi husafiri pamoja na jeni za kustahimili antibiotiki, kwa hiyo mahali penye uchafu wa metali panaweza kulea usugu wa aina zote mbili. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikuta mwaka 2007 kwamba udongo wa jaa la Dandora ulikuwa na risasi na metali nyingine nzito kupita kiasi. Tunayoyatupa pale, na yanayoingia Mto Nairobi, yana uhusiano na karatasi ya shangazi.

Na tafadhali, asitokee mtu akasoma haya akaenda kunywa mrututu. Unaua, kwa kuharibu ini na figo. Wala yale maji ya fedha yanayotangazwa mtandaoni kuwa yanatibu kila kitu: fedha hujikusanya chini ya ngozi na kuifanya ya kijivu kwa maisha yote. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Wanafunzi wa uzamili hunipigia simu wakiuliza wafanye nini baada ya duara, kwa kuwa mashine kubwa hazipo. Nawaambia waanze na damu. Kichinjio cha Dagoretti kitakupa damu ya kondoo. Iweke kizuia-kuganda papo hapo. Zungusha kwenye mashinepewa (mashine inayozungusha kwa kasi hadi chembe zitue chini), osha chembe nyekundu kwa maji ya chumvi hadi maji yabaki meupe, kisha ziweke saa moja kwenye nyuzi 37 pamoja na kampaundi yako kwa viwango tofauti. Zungusha tena, upime wekundu wa maji ya juu, unaotoka kwenye chembe zilizopasuka, kwa mwanga wa nanomita 540, ukilinganisha na chembe ulizozipasua zote kwa sabuni. Gharama yake haizidi uwezo wa maabara yoyote ya chuo. Kampaundi inayomzuia S. aureus kwa mikrogramu nne kwa mililita, tunataka chembe zibaki nzima hata kwenye mikrogramu mia. Zikianza kupasuka kwenye kumi, badilisha ligandi, urudi kwenye flaski.